Nani Aliyeghairi? Mhadhara kwa Wastaafu wa Dodoma Kuhusu Kudai Nauli ya Ndege

Ndugu Mwenyekiti, wazee wenzangu mliostaafu, na ninyi wazazi wenye watoto ng'ambo, mbukwenyi.

Nimeombwa nizungumzie nauli yangu ya kwenda Toronto, habari ambayo wengi wenu mmeisikia vipande vipande misibani na harusini, kila kipande kikiwa kimetiwa chumvi. Leo nitaieleza bila chumvi, kwa sababu faida yake haimo katika masaibu yenyewe bali katika neno moja la Kiswahili nililolitamka vibaya mbele ya kaunta.

Mimi na mke wangu tulikuwa tunakwenda kwenye mahafali ya binti yetu, kwa ndege ya shirika moja la kigeni ambalo sitalitaja, tukipitia mji mmoja wa Ghuba. Ndege iliyotakiwa kuondoka Dar es Salaam saa kumi jioni iliondoka saa tano na nusu usiku, na sababu tulizopewa zilikuwa tatu, kila moja ikiikanusha iliyotangulia. Meza ya kiti changu ilikuwa imefungwa kwa gundi ya karatasi isifunguke, hivyo wali niliupakata kama mjukuu. Hayo niliyasamehe. Lakini tulipotua, ndege ya Toronto ilikuwa imekwisha kuondoka, na nafasi iliyofuata ilikuwa baada ya siku mbili, yaani siku moja baada ya mahafali. Tukapewa vocha ya chakula ya mgahawa uliokuwa umefungwa. Alfajiri mke wangu akasema, "Baba, turudi nyumbani." Shirika likaturudisha Dar es Salaam bila malipo, nasi tukapanda treni ya SGR hadi Dodoma, masanduku yakiwa hayajafunguliwa.

Kesho yake nilikwenda kwa wakala aliyetuuzia tiketi, hapa hapa mjini, nikamwambia binti wa kaunta: "Mwanangu, safari tumeighairi, naomba nauli yetu." Akabofya, akanipa karatasi, nikatia sahihi. Baada ya majuma matatu jibu likaja: kati ya shilingi 8,540,000 tulizolipa wawili, tungerudishiwa 972,000.

Kughairi, ndugu zangu, ni kubadili nia. Mimi sikubadili nia yoyote. Nia yangu ilikuwa Toronto, na shirika ndilo lililoshindwa kunifikisha. Lakini kwa kulitumia neno lile nilijiandikisha mwenyewe kuwa abiria aliyeacha safari kwa hiari yake, na kwa mashirika ya ndege hayo ni mafaili mawili yasiyokutana. Anayeacha kwa hiari hupimwa kwa masharti ya bei ya tiketi yake, na tiketi za bei nafuu, ambazo ndizo sisi wastaafu tunazozinunua, kwa kawaida humrudishia kodi na baadhi ya ada tu. Aliyevunjiwa safari na shirika lenyewe hupimwa kwa kanuni nyingine: masharti ya uchukuzi ya mashirika mengi husema kwamba ikiwa ndege imefutwa, au abiria amekosa ndege ya kuunganisha kwa kosa la shirika, nauli ya sehemu isiyotumika hurudishwa bila adhabu, hata kama tiketi imeandikwa kuwa hairudishwi. Binti yule hakunidhulumu. Aliandika alichosikia.

Nikarudi na barua. Humo nilitaja tarehe, namba ya safari ya ndege, na namba ya tiketi yenye tarakimu 13, ambazo tatu za mwanzo hulitambulisha shirika. Nikaambatanisha vipande vya pasi za kupandia ndege pamoja na karatasi ambayo mke wangu, kwa busara kunishinda, aliidai kule transiti, yenye mhuri na maneno kwamba ndege ilichelewa kwa sababu za shirika. Bila karatasi ile, nisingekuwa na la kusema.

Ikafuata miezi ya kurushiana mpira. Shirika lilisema fedha iko kwa wakala, wakala akasema iko kwa shirika, na wote wawili walikuwa na chembe ya ukweli, kwa kuwa nauli iliyolipwa kwa wakala hupelekwa kwa shirika kupitia mfumo wa malipo wa IATA, chama cha kimataifa cha mashirika ya ndege, na hurudi kwa njia ile ile iliyoendea. Kwa hiyo msikubali jibu la "subiri". Ombeni wakala awaonyeshe kwa maandishi siku aliyowasilisha ombi na sababu aliyoijaza. Vocha ya safari nyingine nilipewa mara mbili, nikaikataa mara mbili.

Wengi huniuliza habari za sheria. Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, ambao Tanzania ni mwanachama wake, haushughulikii marejesho ya nauli moja kwa moja. Unahusu hasara iliyotokana na kuchelewa, na shirika huweza kujitetea kwamba lilifanya kila lililowezekana. Dai hilo hufa lisipofikishwa mahakamani ndani ya miaka 2, na la mzigo uliochelewa lazima liandikwe ndani ya siku 21 tangu ulipokabidhiwa. Wenye watoto Ujerumani au Ufaransa wana nafuu zaidi: Kanuni namba 261 ya mwaka 2004 ya Umoja wa Ulaya humlinda abiria anayeondoka katika kiwanja chochote cha Umoja huo, bila kujali ndege ni ya nani. Hapa nyumbani, malalamiko hupelekwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, baada ya shirika kuandikiwa kwanza.

Jambo moja linatuhusu sisi wa Dodoma hasa. Ukinunua tiketi ya Dodoma hadi Dar es Salaam mbali, na ya kwenda ng'ambo mbali, hiyo ni mikataba miwili. Ya kwanza ikichelewa, shirika la pili litakuhesabu kuwa hukutokea, na mara nyingi litafuta hata tiketi yako ya kurudi. Ama ununue zote katika tiketi moja, ama ushuke Dar es Salaam siku moja kabla.

Fedha yetu ilirudi mwezi wa tano. Nilikuwa sokoni Majengo nikichagua nyanya, ujumbe wa benki ukaingia: shilingi 8,420,000, yaani yote isipokuwa ada ya wakala ya shilingi 60,000 kwa kila tiketi. Nilipokwenda kumshukuru yule binti, alinionyesha fomu yake mpya. Mstari wa kwanza ameuandika kwa mkono: "Nani ameghairi, abiria au shirika?"

Mwenyekiti, naomba niishie hapo. Aliyekuja na tiketi yake aitoe, tuisome pamoja.