Kwa Nini Jicho Halitoshi: Utafiti wa Tiba ya Kiharusi na Maltipo Sklerosisi

Ndugu wataalamu, wanafunzi, na hasa ninyi mliokuja mkiwa wagonjwa au mkiwa mmewasindikiza wagonjwa wenu: shikamooni wakubwa, na wengine habari za jioni. Nimeombwa nizungumzie utafiti wa tiba unaofanywa kwa watu waliopata kiharusi na kwa wale wenye maltipo sklerosisi. Nitashika jambo moja tu. Magonjwa haya mawili humhadaa anayeyatazama, awe daktari, mama mzazi au mgonjwa mwenyewe, na zile taratibu za utafiti zinazowakera ndugu wa mgonjwa ziliwekwa kwa sababu ya hadaa hiyo.

Kiharusi mnakijua. Mshipa wa damu wa ubongo huziba au hupasuka, na sehemu ya ubongo iliyokosa damu huanza kufa. Kati ya mwaka 2003 na 2006 watafiti walihesabu visa vipya katika eneo moja la jiji hili la Dar es Salaam na katika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro. Hawakukaa hospitalini wakisubiri wagonjwa. Walitumia watoa taarifa wa mitaani na vijijini, kwa kuwa wako wanaougua na kufia nyumbani bila kuandikwa popote. Baada ya kusawazisha tofauti za umri, Hai ilikuwa na visa vipya 108.6 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, na Dar es Salaam 315.9. Kwa hiyo tunapozungumzia utafiti wa kiharusi tunazungumzia majirani zetu.

Maltipo sklerosisi ni ngeni masikioni mwa wengi. Jean-Martin Charcot aliieleza kwa kina jijini Paris mwaka 1868. Kinga ya mwili hugeuka na kushambulia mayelini, yaani utando wa mafuta unaofunika nyuzi za neva katika ubongo na uti wa mgongo. Mara nyingi huanza kati ya umri wa miaka 20 na 40, huwapata wanawake zaidi ya wanaume, na huonekana zaidi katika nchi zilizo mbali na ikweta, ndiyo maana tafiti nyingi zake zimefanyika Ulaya na Amerika Kaskazini.

Sasa hiyo hadaa. Aliyepata kiharusi na akanusurika, kwa kawaida hupata nafuu kiasi fulani katika wiki na miezi ya mwanzo, hata asipopewa chochote cha pekee. Mwenye maltipo sklerosisi ya aina inayokuja na kuondoka anaweza kupoteza uwezo wa kuona kwa jicho moja, kisha baada ya wiki kadhaa akaona tena. Basi yeyote aliyemchua, aliyemwombea, aliyemuuzia chupa ya mizizi au aliyemwandikia vidonge katika wiki hizo huondoka na sifa. Simsemi mganga wa kienyeji peke yake. Sisi wenye makoti meupe tumo.

Ushahidi kwamba sisi tumo ni huu. Mwaka 1991 ulichapishwa utafiti wa Kanada uliowahusisha wagonjwa 168 wa maltipo sklerosisi iliyokuwa ikizidi kuwa mbaya. Baadhi yao walipewa dawa kali za kupunguza nguvu ya kinga pamoja na kubadilishiwa majimaji ya damu, na wengine walipitishwa katika utaratibu uliofanana na huo kwa nje tu, bila tiba ndani yake. Kila mgonjwa alipimwa na daktari aliyejua amepewa nini, na pia na daktari asiyejua. Madaktari waliojua waliona nafuu kwa waliobadilishiwa damu. Wasiojua hawakuona kitu. Miguu ni ileile na mgonjwa ni yuleyule. Waliojua hawakusema uongo, bali waliona walichotarajia kuona.

Ndiyo maana mgonjwa wa utafiti hupangiwa kundi kwa bahati nasibu, na ndiyo maana anayempima huzuiwa kujua kundi lake. Vipimo vyenyewe ni vya kawaida kabisa. Kimoja ni ubao mdogo wenye matundu tisa: mgonjwa huokota vigingi kimoja kimoja kwa mkono mmoja, huvichomeka vyote, kisha huvichomoa na kuvirudisha, huku mpimaji ameshika saa. Ukimsimamia mtu ambaye vidole vyake vimeanza kumgomea, utatamani kumsogezea kigingi, na usipomsogezea ndugu zake watakuona huna huruma. Lakini sekunde hizo zikichezewa, hakuna kitakachobaki cha kulinganisha.

Idadi ya washiriki nayo ina uzito wake. Mwaka 2011 utafiti wa Ufaransa wenye wagonjwa 118 ulionyesha kwamba fluoksetini, dawa ya sonona, iliwasaidia waliopata kiharusi kurejesha nguvu za viungo, na wengi tulifurahi. Uingereza wakaijaribu kwa wagonjwa zaidi ya 3,000, na majibu yaliyotoka mwishoni mwa 2018 yalisema kwamba baada ya miezi sita waliotumia dawa hawakuwa wakijitegemea zaidi ya wenzao. Sonona ilipungua, ni kweli, lakini waliovunjika mifupa waliongezeka.

Utafiti ninaopenda kuusimulia hapa kwetu ni wa India, wa mwaka 2017, katika hospitali 14, wenye wagonjwa 1,250 wa kiharusi. Wanafamilia wa kundi moja walifundishwa kumfanyisha mgonjwa mazoezi nyumbani. Wazo hili lingefaa sana Mbagala au Kimara, ambako nauli ya kumpeleka mtu kliniki mara mbili kwa wiki ni mzigo, na dada au mke ndiye mtaalamu wa mazoezi atake asitake. Baada ya miezi sita, asilimia 47 ya kila kundi walikuwa wamefariki au wanategemea watu. Hapakuwa na tofauti. Wapo wanaosema utafiti huo ulipoteza fedha; mimi naona uliziokoa, maana serikali ingeweza kujenga mpango mzima wa taifa juu ya wazo zuri lisilofanya kazi kwa namna lilivyofundishwa. Wala haukusema msiwasaidie wagonjwa wenu kutembea.

Zipo tiba zilizopita mtihani huu. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda ilithibitishwa Marekani mwaka 1995 kwa wagonjwa walioanza kupewa ndani ya saa tatu tangu dalili zianze, na baadaye muda ukaongezwa hadi saa nne na nusu. Kabla ya kuitoa lazima picha ya ubongo ionyeshe kwamba hakuna damu iliyovuja. Na foleni ya Barabara ya Mandela hapa jijini saa kumi na moja jioni mnaifahamu: saa hizo zinaweza kuishia njiani.

Kuhusu ridhaa: utafiti wa dawa nchini huhitaji kibali cha maadili kutoka NIMR, yaani Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, na kibali cha TMDA, yaani Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, na hakuna anayelazimishwa kuingia wala kubaki. Ugumu upo kwa mtu ambaye kiharusi kimemnyang'anya maneno. Anaweza kuelewa kila kitu na asiweze kujibu. Hapo ndugu huharakisha kumsemea, na kaka mkubwa huweka saini wakati mwenyewe anatikisa kichwa. Mtafiti makini hutumia picha, huuliza swali moja kwa wakati, hungoja, na akiona anakataa, anaacha, hata kama ukoo mzima umekubali.

La mwisho ni ufuatiliaji, na hili nawaomba ninyi. Mgonjwa akizidiwa hurudishwa kijijini kwa wazazi, laini ya simu hubadilishwa, na sisi tunabaki na wale waliopata nafuu tu, ambao huja kliniki kwa miguu yao. Dawa isiyofaa huonekana inafaa kwa sababu wale ambao haikuwasaidia hawakuhesabiwa. Kwa hiyo mkiingia katika utafiti wowote, acheni namba ya jirani au ya mjumbe wa shina, na mkipigiwa baada ya miezi mitatu pokeeni, hata kama habari ni mbaya, hata kama ni ya msiba.

Sasa nipo tayari kwa maswali, na ningependa yaanze na wagonjwa.