Gonga Slabu Kabla ya Plasta

ATIENO: Haya karibuni tena, tuko Kisumu kama kawaida. Wafula ametoka saiti sasa hivi, hata vumbi la simiti bado liko kwa viatu. Wafula, ulinipigia asubuhi ukasema umegonga slabu ukakosa raha. Kulikuwa na nini?

WAFULA: Atieno, hiyo kitu imenikaa moyoni. Ni nyumba ya mama mmoja upande wa Mamboleo, slabu ya ghorofa ya kwanza, mbao zimetolewa wiki hii. Nikaingia chini nikaangalia juu, nikaona karibu na nguzo kuna mahali pamepakwa simiti, rangi imekolea kuliko kwingine, saizi ya karai hivi. Nikagonga pembeni na nyundo ndogo, ikalia ngi, ngi. Nikasonga pale kwa kiraka, ikalia bo. Nikachokora na bisibisi, ikazama hadi ikagusa chuma.

ATIENO: Hadi chuma! Na mwenyewe alikuwepo?

WAFULA: Alikuwa hapo kando yangu, ameshikilia leso yake, akaniuliza, "Kijana, kwani si hapo watafunika na plasta tu?" Na mafundi walikuwa washaanza kuichanganya. Ningefika jioni singeona kitu.

ATIENO: Lakini si ulisema kyubu zao zilipita?

WAFULA: Zilipita kweli, na hapo ndipo watu wengi hupotea. Kyubu ni konkriti unajaza kwa boksi ya milimita 150, unashindilia vizuri, inakaa kwa maji, siku ya 28 inavunjwa kwa mashine. Inakuambia ile mikisi ilikuwa sawa. Sasa huko ndani ya fomu, zile mbao za kumwagia konkriti, kama vaibreta, ile mashine ya kutikisa konkriti ishikane, haikufika mahali vyuma vimebanana, ama mbao zilikuwa na nafasi uji wa simiti ukavuja kokoto zikabaki zenyewe, kyubu itajulia wapi? Mafundi wanaita hanikomu, ni kama sega la nyuki kabisa, unaona mashimo mashimo.

ATIENO: Na hii mvua yetu ya saa kumi, watu wanaacha kumwaga katikati wanarudi kesho yake.

WAFULA: Eeh, na ya jana haishikani na ya leo, hapo maji yatapata njia.

ATIENO: Sasa shimo likiwa katikati kabisa ya slabu, nyundo yako italisikia?

WAFULA: Hapana, hiyo inasikia ya karibu na uso tu. Wengine wataniambia nilete nyundo ya Schmidt, ile yenye springi, ni nzuri lakini inapima ugumu wa ngozi ya konkriti, unaweza pata namba safi na chini kuna shimo. Mimi hapo naomba ultrasoniki, mashine ya kupitisha mawimbi ya sauti ndani ya konkriti. Unapaka grisi, kichwa kimoja juu ya slabu, kingine chini yake mkabala, unapima wimbi limechukua muda gani kupita. Konkriti nzuri inapitisha karibu kilomita 4 kwa sekunde ama zaidi, ikishuka chini ya 3 mimi silali, maana wimbi likikutana na shimo linazunguka, linachelewa. Rada pia iko, inaonyesha vyuma na mianya, ila konkriti ikiwa bado na maji mengi inameza mawimbi.

ATIENO: Sasa yule anajenga polepole na pesa ya chama, hizo mashine atazitoa wapi?

WAFULA: Aanze na nyundo na chaki. Chora miraba kwa slabu, gonga kila mraba, palipolia bo weka alama, piga picha, mwite injinia. Juu ya slabu unaweza buruta mnyororo ukisikiliza, sauti inabadilika ukifika palipo wazi. Na fundi akikuambia usigonge, hapo ndio ugonge zaidi, nakuomba.

ATIENO: Na ya mama itakuwaje?

WAFULA: Tumerudisha miti ya kushikilia slabu, plasta imesimama. Injinia anakuja kesho saa tatu, konkriti mbovu ichokolewe hadi ifike ile ngumu, ndio aamue itajazwa na nini. Ile alama ya chaki nimeizungushia mara mbili, na mama amebaki na nyundo yangu, nilimwacha akigonga bimu ya pili.