Nasaha Sina

Assalaam aleikum, na wale ambao salamu yao si hiyo, hamjambo. Ahsanteni kwa kunialika tena. Mwenyekiti amenitambulisha kama mshauri nasaha, nami kila nikiitwa hivyo mbele za watu, la kwanza ninalofanya ni kulikana jina. Walionisikia mwaka jana wanajua nitakalosema. Wanivumilie, au watoke wakanywe kahawa warudi.

Jina hilo limenitesa. Hebu litazameni. Ushauri ni kuambiwa la kufanya. Nasaha nayo ni kuambiwa la kufanya, ila kwa upole. Yaani jina zima ni kuambiwa mara mbili! Ndipo mtu anatoka Likoni, anavuka feri, anapanda matatu hadi kwangu, anaketi, anaushika mkoba wake magotini kama yuko kituo cha polisi, ananiambia: "Haya daktari, niambie nifanye nini." Mimi si daktari, na la kumwambia sina.

Wengine hukasirika. Bwana mmoja aliniuliza bila kuzunguka, "Sasa kama nasaha huna, hela zangu unachukua za nini?" Swali la haki kabisa. Lakini Mombasa hii nasaha ni bure. Barazani zimejaa, shangazi yako anazo, konda wa matatu anazo, muuza kahawa anakupa pamoja na kikombe. Mtu hadi kufika kwangu ameshanasihiwa na ukoo mzima, na usiku bado halali. Nikimpa na yangu, itakuwa ya thelathini na mbili.

Wanafunzi wangu huwaambia kazi yetu imo katika lile neno tunalorushiana mitaani: "shauri yako." Si ile ya kutupa mkono, ya ukitaka kuanguka anguka. Ile ya maana yake hasa: shauri hili ni lako, na mimi sibanduki hapa mpaka ulione mwenyewe.

Haya sikuyajifunza chuoni. Nitawaambia nilikojifunza, na wale waliokwisha kusikia, mlango wa kahawa bado uko wazi.

Mwaka 1994 tulikuwa tukikaa Mtongwe, ng'ambo ya maji kutoka kisiwa cha Mombasa, nina miaka 12. Ijumaa ya tarehe 29 Aprili, asubuhi, watu wakivuka kwenda kazini, feri ikazama. Watu 272. Wa rika langu humu hawahitaji kuelezwa, na nyinyi vijana kawaulizeni wazee wenu, lakini waulizeni wakiwa wameketi. Babangu alikuwamo. Siku yenyewe siisimulii. Nasimulia zilizofuata.

Nyumba ilijaa. Mamangu alikuwa chumba cha ndani, ameanza eda. Mimi ndiye mtoto wa kwanza, na kila aliyeingia alinishika bega akanipa yake. "Usilie, utamliza mamako." "Wewe ndiye mkubwa sasa." "Kazi ya Mungu haina makosa." Yote ni kweli, sibishi hata moja, na yote yalinikaba koo. Bega hili la kulia lilikuwa linauma, wallahi, kwa kushikwa tu.

Siku ya tano au ya sita nikatorokea uani. Bibi mmoja jirani yetu alikuwa amekalia mbuzi, anakuna nazi za wali wa watu wa matanga. Hakunitazama. Aliisukuma sinia kidogo kwa mguu nipate pa kukaa. Akamaliza kizio, akakigonga kifuu kwenye ukingo wa sinia, akachukua kizio kingine. Akakikuna nusu. Kisha akauliza, macho yake yako kwenye nazi: "Babako wali alikuwa akiupenda wa tui zito au jepesi?"

Nikamwambia jepesi, zito lilikuwa likimpa kiungulia. Akasema, "Hee." Basi. Hakuongeza kitu. Ile "hee" yake ikawa kama amefungua mlango akakaa kando. Nikamwambia baba alikuwa akinifichia ukoko. Nikamwambia usiku wa Alhamisi nilimnunia kwa sababu ya kalamu za rangi ambazo hakuniletea. Nikamwambia alfajiri aliniita pale mlangoni akitoka, nami nikajifanya nimelala.

Hilo la mwisho nilikuwa sijamwambia mtu. Akaacha kukuna. Na hapa ndipo nataka mnisikilize, hasa nyinyi mnaosomea kazi hii mliokaa pale mbele: hakusema "usijilaumu." Hakusema "babako alijua unampenda." Alikaa na lile neno kama mtu aliyepewa kitu kizito akishike. Kisha akainuka kwenye mbuzi, akanipisha, akanipa kizio. Nikakuna na kulia, nikalia na kukuna, machozi yakaingia kwenye sinia, na nazi ile ikapikiwa wali, na waombolezaji wote wakala wakausifu.

Miaka mingi baadaye, chuoni, tukafundishwa habari za Mmarekani anayeitwa Carl Rogers. Mwaka 1957 aliandika makala akieleza masharti yanayomfanya mtu abadilike mbele ya mshauri. Mshauri awe mkweli, asivae uso wa kazi. Amkubali aliye mbele yake bila ya "ningekupenda kama." Aifahamu dunia kwa jicho la yule yule, na yule aone kwamba amefahamiwa. Nikasoma, nikajiuliza, huyu bwana alipita lini uani kwetu?

Kuna anayetikisa kichwa pale, anasema moyoni haya ni mambo ya Kizungu. Bibi yule Rogers hakumjua. Na kuna mwengine, huyu ndiye hunichosha zaidi, atasema basi kumbe mambo yote yamo katika mila zetu, mafunzo ya nini? Mafunzo ya nini! Waliingia watu wangapi nyumba ile? Niliokumbuka majina ni kumi na watano, wote wenye mapenzi na sisi, na aliyejua ni mmoja. Mafunzo ni yetu sisi kumi na wanne.

Na usidhani kufiwa kwangu kulinipa cheti. Mwaka wangu wa kwanza kazini alinijia mama mmoja, habari zake nimezigeuza hata mwenyewe hatajijua, amefiwa ghafla na mumewe. Nikasema leo ndiyo leo, huyu nitamfaa. Nikamwambia, "Nakuelewa, mimi pia," nikamhadithia Mtongwe. Nilipofika penye kalamu za rangi, machozi yananitoka. Yule mama akaninyooshea karatasi za kujipangusia, zile zile nilizomwekea yeye, akasema, "Pole mwanangu. Mungu akupe subira." Saa ikaisha. Akafungua mkoba akalipa. Hakurudi tena, na angerudi kufanya nini? Zamu yake niliila mimi.

Tangu siku hiyo neno "nakuelewa" nimelipiga marufuku chumbani mwangu. Mtongwe naibeba, lakini naibeba chini ya kiti. Hunisaidia kuvumilia kimya cha mwenzangu kisinitie kiwewe, basi.

Sasa siri. Vitabu vinasema ukikutana na mteja wako njiani usimsalimu kwanza, watu wasije wakauliza mmejuana wapi. Vizuri. Aliyeandika hakuzaliwa Mombasa. Nilikuwa na mteja mzee, wa umri wa babangu angekuwa hai. Tulikubaliana hivyo. Jumamosi moja nimekwenda Marikiti, huyu hapa, amesimama na wenzake watatu mbele ya muuza viungo, na njia ni hiyo moja. Nikapita. Binti mzima, nimejitanda buibui langu, nawapita wazee wanne kimya kama nguzo ya stima! Nikasikia mmoja nyuma yangu, "Watoto wa siku hizi hawana adabu, hata shikamoo hawaijui." Na mteja wangu, Mungu ampe umri, akajibu kwa sauti, "Malezi tu hayo, malezi."

Jumatano alipokuja tulicheka mpaka nusu ya saa ikaisha. Lakini tulibadilisha mapatano. Siku hizi mwanzo kabisa humuuliza mtu: tukikutana, tufanyeje? Mwengine atasema nisalimie kama jirani. Mwengine anataka nimwite "mwalimu." Wako wanaotaka tusijuane. Stara ya mtu ataishona mwenyewe, mimi sina kipimo chake. Ndiyo maana ile methali mnayopenda kutubandikia ukutani, ya mficha maradhi kifo kumuumbua, kwangu haimo. Mtu amechukua miezi minane kukusanya ujasiri wa kupanda ngazi zile, halafu la kwanza anasoma ameumbuliwa?

Muda, naona ninaonyeshwa saa. Nilikuwa na mambo matatu, nitayapitisha mbio.

La kwanza, anayeuliza asomewe Kurani au aje kwangu: nani kakwambia uchague? Kanywe kombe lako, yale maji yaliyooshewa aya, kasomewe, kisha njoo Jumatano.

La pili, tangu mwaka 2014 hapa Kenya tuna sheria ya washauri na wanasaikolojia, na anayeifanya kazi hii hutakiwa asajiliwe na awe na leseni. Iombe uione. Asiyetaka kuonyesha, ondoka na hela zako.

La tatu nilitaka kulikalia, basi. Nimesema mimi husikiliza, lakini mtu akidokeza kwamba amechoka na dunia, hapo siendi kwa kuzunguka. Jambo nalitaja kwa jina lake, namuuliza: "Unafikiria kujiua?" Kuuliza hakumtii mtu wazo ambalo hakuwa nalo, mara nyingi humpumzisha. Hapo na mtoto anapodhulumiwa ndipo siri yangu ina mpaka, na mpaka huo humtajia mtu siku ya kwanza, kabla hajafungua kinywa. Miaka mingi watu waliogopa hata kulijibu swali lile, kwa sababu kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilimfanya aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, anatolewa hospitali anapelekwa kortini. Januari 2025 Mahakama Kuu ikasema kifungu hicho hakipatani na Katiba. Hayo ya unga, yaani dawa za kulevya, na vijana wetu wa methadoni, dawa ya kuwasaidia kuuacha, nimewaahidi mara mbili, na leo ya tatu yamenipita tena. Lawama zangu.

Alaasiri hiyo inaadhiniwa. Maswali baada ya swala, tuanze na yule bwana wa nyuma aliyeinua mkono tangu nilipotaja hela. Na kama humu ukumbini yuko mteja wangu yeyote, mimi sijamuona.