Mayai ya Chura na Maagizo ya Mama

BAKARI: Haya wasikilizaji, karibuni. Tuko Chumbageni, Tanga, masika yamekolea, na mkisikia makelele nyuma ya sauti zetu msidhani mitambo imeharibika, ni vyura wa mtaroni. Mwalimu Mwanaidi kasema leo tuwazungumzie haohao.

MWANAIDI: Si kelele zao kaka Bakari, mayai yao. Tena saa sita saba za mwanzo tu, tangu yai lirutubishwe.

BAKARI: Saa sita! Zitatutosha kipindi kizima?

MWANAIDI: Zitatosha na kubaki. Chukua Xenopus laevis, chura mwenye kucha, asili yake kusini mwa Afrika. Nduguye, Xenopus muelleri, anaishi pwani yetu hii. Yai la huyo laevis lina upana wa milimita moja na ushei. Likirutubishwa linakaa kama dakika 90, linagawanyika mara ya kwanza. Baada ya hapo kila nusu saa linagawanyika tena, mpaka mara ya 12, seli kama 4,000. Na muda wote huo jeni za kiinitete chenyewe, yaani huyo mtoto anayeanza kuumbika, karibu zote zimenyamaza.

BAKARI: Ngoja kwanza. Shuleni tuliambiwa jeni ndizo zinazoamuru. DNA inanakiliwa kuwa RNA, RNA inasomwa, protini inatengenezwa. Zikinyamaza, nani anaamuru?

MWANAIDI: Mama. Yai linapokua ndani ya ovari, kwa miezi, linarundikiwa RNA zilizonakiliwa kutoka kwenye jeni za mama. Mwaka 1982 watafiti wawili wa Marekani, Newport na Kirschner, walionyesha kwamba kiinitete kikidungwa alfa-amanitini, sumu ya uyoga inayozuia jeni zisinakiliwe, kinaendelea kugawanyika kama hakuna lililotokea. Kinakwama baadaye, pale seli zinapotakiwa kuanza kuingia ndani na kupanga matabaka ya mwili.

BAKARI: Basi ni kama mama aliyekwenda harusini Pangani, chakula kakiacha kimepikwa, watoto wapakue tu.

MWANAIDI: Na hao watoto wangekimaliza kabla basi halijafika Pangani! Kuweka akiba si kazi ngumu. Kazi ngumu ni kuizuia akiba isiguswe kabla ya wakati. Humo mna jumbe, yaani hizo RNA za mama, zinazosukuma seli igawanyike. Zikisomwa yai likiwa bado ovarini, limeharibika.

BAKARI: Sasa zinazuiwaje?

MWANAIDI: Mkiani. Ujumbe wa RNA kwa kawaida una mkia wa herufi moja inayojirudia, A, A, A. Kwenye yai, mkia ukiwa mrefu ribosomu, mashine za seli zinazotengeneza protini, zinausoma ujumbe kwa bidii, ukiwa mfupi zinaupuuza. Nasema kwenye yai na kiinitete kichanga, kwa sababu baadaye urefu wa mkia haubebi tena uzito huo. Jumbe zilizofungwa zina A kama 20 hadi 40. Zikifunguliwa, mkia unapita 100.

BAKARI: Na anayerefusha ni nani?

MWANAIDI: Hapo ndipo ninapopapenda. Karibu na mkia kuna protini iitwayo CPEB, imeshika maandishi maalumu ya ujumbe. Protini hiyo imekusanya vimeng'enya viwili, yaani protini zinazoharakisha kazi za kikemia, kwa pamoja: Gld2 anarefusha mkia, PARN anaukata.

BAKARI: Mahali pamoja, wakati mmoja? Si kupoteza nguvu huko?

MWANAIDI: Ukitazama juujuu utasema hivyo. Mkataji ana kasi kuliko mrefushaji, kwa hiyo mkia unabaki mfupi ingawa mrefushaji hajapumzika hata kidogo. Inapofika homoni ya projesteroni, CPEB inabandikwa fosfeti, kijikemikali kidogo tu, na PARN anatolewa. Mrefushaji haitwi, haamshwi, yupo kazini tangu zamani. Anaondolewa tu anayemharibia. Mkia unarefuka, protini za kusukuma mgawanyiko, kama Mos na saiklini B1, zinatengenezwa, yai linapevuka. Mengi ya haya yamefumbuliwa na maabara ya Joel Richter, huko Massachusetts.

BAKARI: Umetaja homoni. Hawa si ndio vyura waliokuwa wakipimia mimba?

MWANAIDI: Haohao! Kuanzia miaka ya 1930, mkojo wa mwanamke unadungwa kwa chura jike. Akitaga ndani ya saa chache, mwanamke ana mimba. Homoni ya mimba inaichochea ovari ya chura, ovari inatoa homoni ya kupevusha mayai, jumbe zinafunguka. Wapimaji wale walikuwa wakirefusha mikia ya RNA na wenyewe hawana habari. Na ndiyo maana chura huyu alienea maabara za dunia nzima.

BAKARI: Yai hilo linasoma ujumbe wa mama yake tu?

MWANAIDI: Wee! Mwaka 1971 John Gurdon na wenzake walilidunga RNA ya globini, protini ya damu, ya sungura. Likatengeneza globini ya sungura bila kuuliza maswali.

BAKARI: Makubwa. Haya, jeni za mtoto zinaamka lini?

MWANAIDI: Kwenye zile seli 4,000. DNA imeongezeka maradufu mara 12, lakini yai halijakua hata chembe. Histoni za akiba, protini zinazoikunja na kuibana DNA, hazitoshi tena, na hiyo ni sababu mojawapo ya jeni kuanza kunakiliwa. Miongoni mwa vitu vya mwanzo kabisa kunakiliwa ni RNA fupi iitwayo miR-427. Kazi yake ni kuzitafuta jumbe za mama na kuzifanya ziharibiwe.

BAKARI: Mtoto anaamka, cha kwanza anafuta maagizo ya mama!

MWANAIDI: Si yote, ila mengi. Na pa kuanzia ni palepale: zinakatwa mkia.

BAKARI: Na yule chura wa Amani, kule milima ya Usambara, asiyetaga?

MWANAIDI: Nectophrynoides tornieri. Mayai yanabaki tumboni mpaka watoke vyura wadogo kamili. Huyo tumtengee kipindi chake, maana hapa umeme ushaanza kuchezacheza.