Mwamba Mmoja, Jamii Tatu za Mimea

Ndugu zangu, majedwali ya kuainisha jamii za mimea, yaani makundi ya mimea inayoishi pamoja, tutayafikia. Kwanza twende mwambani. Ukiutazama kwa mbali utasema ni pakavu tu, vimea vichache vimejishikiza. Sasa piga magoti. Ndani ya ufa kuna kangaga ndogo za Asplenium, mizizi yake imefuata unyevu ulikojificha. Hatua moja kando, penye udongo wa sentimita mbili tatu, kuna Sedum, majani manene yaliyojaa maji, na vimea vya msimu mmoja vinavyochanua na kumwaga mbegu kabla jua halijakaza. Teremka hadi kwenye vifusi vinavyoporomoka chini ya genge: huko inaishi mimea inayovumilia kufukiwa.

Utaratibu wa Ulaya wa kuainisha jamii za mimea, uliotokana na kazi ya mtaalamu wa mimea Josias Braun-Blanquet, huziweka jamii hizo katika ngeli (madaraja ya juu) tatu, kwa mpangilio huohuo: Asplenietea trichomanis ya ufani, Sedo-Scleranthetea ya udongo mwembamba na Thlaspietea rotundifolii ya vifusini. Ngeli hugawanywa kuwa oda, oda kuwa miungano, na chini kabisa kuna ushirika, ambao jina lake huishia na -etum.

Uwandani kazi ni kuchagua ploti, yaani kipande cha ardhi kilichopimwa, kuorodhesha kila spishi na kukadiria eneo inalofunika: alama 5 ikizidi robo tatu ya ploti, 1 ikiwa chini ya asilimia 5, na + kwa ile inayoonekana kidogo tu. Baadaye orodha hupangwa kwenye jedwali, safu zikihamishwahamishwa mpaka spishi zinazoandamana zionekane.

Ukubwa wa ploti ndio hunigombanisha na wenzangu. Wapo wanaopima mita za mraba 25 popote, ili takwimu zilingane. Mbugani sina neno. Mwambani, ploti hiyo inameza ufa, udongo na kifusi kwa pamoja, halafu jedwali linakuzalia “jamii” ambayo haipo popote. Afadhali mita moja ya mraba iliyo sawasawa, hata kama ina spishi sita tu. Programu ya kompyuta ya kugawa ploti katika makundi, kama TWINSPAN iliyotoka mwaka 1979, hupanga ulichoipa. Haiwezi kutenganisha ulichokwisha kuchanganya.

Na tarehe, tafadhali, iandikwe. Ploti ya Sedo-Scleranthetea ikipimwa katikati ya kiangazi, vile vimea vya msimu vimeshakauka na kupeperushwa, nusu ya orodha haipo, na mwenye kusoma jedwali atadhani amekutana na ushirika mwingine.