Albamu Isiyo na Gitaa

Ndugu zangu, asanteni kwa kufika. Wimbo uliokuwa ukipigwa wakati mnaingia ni "Cars" wa mwanamuziki Mwingereza Gary Numan, kutoka albamu ya The Pleasure Principle ya mwaka 1979. Ndiyo niliyoijia leo.

Numan alianza na gitaa na muziki wa panki, London. Siku moja aliingia studio kurekodi na bendi yake, Tubeway Army, akakuta sinthesaiza, yaani kinanda cha umeme kinachotengeneza sauti, aina ya Minimoog, imeachwa pale na waliotangulia. Hakuwa mpiga kinanda. Akabonyeza mara moja, ukatoka mngurumo mzito uliomtetemesha. Mwenyewe husema kwamba kama aliyeitumia kabla yake angeiacha na mlio mwembamba, huenda asingeirudia tena. Hebu fikirini!

Kwenye The Pleasure Principle gitaa la kawaida akaliweka kando kabisa. Ndipo watu wakasema: hii ni albamu ya mashine. Hapo mimi nakataa, nakataa kwa moyo wote. Chini ya vile vinanda kuna Cedric Sharpley anayepiga ngoma kwa mikono na miguu yake, kuna Paul Gardiner kwenye besi, na Chris Payne anaingiza viola, ndugu mkubwa wa fidla. Bendi ya Kraftwerk ya Ujerumani walikuwa wamekwishahamia kwenye ngoma za umeme. Numan yeye alibaki na mpigaji mwenye jasho, kisha akatandaza sinthesaiza nyingine, Polymoog, juu yake, baridi kama ukungu wa alfajiri. Utamu wa albamu hii uko hapo hapo, ubaridi unapokutana na jasho.

"Cars" yenyewe aliitunga kwenye gitaa la besi. Haina kiitikio cha kuimbwa. Anaimba kidogo, ananyamaza, vinanda vinamaliza safari. Septemba ile wimbo na albamu vyote vilishika namba moja Uingereza.

Na haikuishia huko. "Films", wimbo mwingine wa albamu hii, iliwafikia madijei wa hip hop Marekani, waliofuata zile ngoma za Sharpley. Mwaka 2001 Basement Jaxx, kundi la muziki wa dansi la Uingereza, walichukua kipande cha "M.E." ya albamu hii hii, wakakijengea wimbo wao "Where's Your Head At". Wengi humu mmeicheza bila kujua asili yake.

Fundi, tuwekee "Films", uongeze besi. Wenzangu, viacheni vinanda kwanza. Mfuateni Sharpley.