Ukikata Miti Peke Yako, Nani Atajua?

Ndugu zangu, nashukuru mmekuja. Leo sifundishi namna ya kuwasha msumeno wa mnyororo wala kuunoa. Hayo mnayajua, na wapo humu wanaoyajua kuliko mimi. Nimekuja na lile ninalolisema kila nikipewa nafasi, na wanaonisikia mara ya pili wanivumilie. Kabla hujabeba mashine kwenda nayo peke yako, jibu swali hili: nikijikata, nini kitafanyika ndani ya dakika 5 za kwanza, na atakayekifanya ni nani?

Najua yupo anayejibu moyoni, "Mimi mzoefu, siumii." Uzoefu siubezi. Lakini mnyororo ukiwa kwenye kasi kamili hupita mita 20 na zaidi kila sekunde. Robo ya juu ya ncha ya bapa, lile bamba la chuma ambalo mnyororo hulizunguka, ikigusa tawi usiloliona, msumeno hupiga teke: bapa linaruka na kurudi usoni au shingoni kwako kabla ubongo haujauamuru mkono. Hakuna mzoefu anayelikwepa teke hilo kwa wepesi. Linazuiwa mapema: gumba la kushoto liuzunguke mpini wa mbele, mwili usimame kando ya mstari wa bapa, breki ya mnyororo iwe nzima, na usikate kitu kilicho juu ya mabega. Nimelipitia haraka kwa sababu mafundi wengi hulifundisha vizuri. Ambalo hawalifundishi ni damu.

Mtu mzima ana damu lita 5 hivi. Mshipa mkubwa wa paja ukikatika, dakika chache zinatosha kumwondoa duniani, na fahamu hupotea kabla ya hapo. Sasa nieleze, gari la wagonjwa litakufikia msituni kwa dakika ngapi? Hata simu yako ipokelewe papo hapo, bado hawajafika. Mwenye mwenzake ana mikono mingine miwili ya kumkandamizia jeraha. Wewe una yako tu, na huenda mmoja ndio uliokatwa.

Kwa hiyo vaa mkanda wa kuzuia damu, ule mpana wenye kijiti cha kuzungushia. Nimesema vaa. Nimewaona watu makini kabisa, wana sanduku zuri la huduma ya kwanza, limefungwa vizuri, limo ndani ya gari mita 200 kutoka wanapokata! Aliyekatwa paja hatembei mita 200. Mkanda ukae kifuani au kiunoni, mahali ambapo mkono wowote kati ya miwili utaufikia, uwe umeshatolewa kwenye karatasi yake ya plastiki. Ufunge sentimita 5 hadi 7 juu ya jeraha, upande wa kuelekea moyoni, usiufunge kwenye goti lenyewe wala kiwiko chenyewe. Zungusha kijiti mpaka damu ikome. Utauma sana, na wengi huacha kuzungusha hapo, damu ingali inatoka. Endelea. Damu ikikoma, funga kijiti, kumbuka saa, na usiulegeze mpaka ufike kwa daktari.

Hapo huwa kuna anayeniambia mkanda utaua mguu. Madaktari wa upasuaji hufunga mkanda wa namna hiyo kwenye viungo wakifanya operesheni, na mguu huvumilia kama saa 2. Damu haikupi saa 2. Mwingine ataniambia atatumia mshipi wa suruali. Mshipi haukazi vya kutosha, na kwenye mkono wenye damu unateleza. Nunua mkanda halisi, kisha ufanyie mazoezi nyumbani ukiwa umekaa chini, kwa mkono mmoja, wa kulia halafu wa kushoto. Na kwa jeraha la kinenani, kwapani au shingoni, ambako mkanda haufungiki, beba kitambaa cha bandeji cha kushindilia ndani ya jeraha na kukandamiza kwa nguvu zote.

"Si nina suruali ya kujikinga?" Vaa, tena vaa kila mara, hata kwa tawi moja. Nyuzi zake huvutwa na mnyororo na kuusimamisha. Lakini suruali hizo hupimwa kwa madaraja: daraja la 1 kwa mita 20 kwa sekunde, la 2 kwa 24, la 3 kwa 28. Angalia yako ni ya ngapi, na kama inafunika mbele tu au mguu mzima. Tena mashine za umeme zina nguvu ya kuzungusha ambayo nyuzi hizo huenda zisiihimili. Ukimya wake usikudanganye.

Sasa simu. Kumpigia mtu kila nusu saa hakuokoi anayevuja damu. Nusu saa ni mbali mno. Kunamwokoa aliyebanwa na gogo, aliyevunjika mgongo, aliyepigwa na tawi kavu kichwani akazimia. Hao wana saa kadhaa, ilimradi kuna anayejua. Basi patana na mtu mmoja, akubali kwa kinywa chake, umwandikie mahali hasa ulipo na njia ya kuingilia. "Kule bondeni" si maelezo. Asipokusikia kwa muda mliopanga, akupigie, usipopokea awaite waokoaji mara moja, bila kukusubiri kwa adabu. Simu ikae mfuko wa kifuani wenye zipu. Kama mtandao haushiki pale, ama utafute chombo cha kutuma ishara kwa satelaiti, ama usikate peke yako pale.

Naona naonyeshwa saa, na sijagusa uchovu, wala mafuta. Niseme kazi zisizofanywa peke yako hata ukiwa na kila kitu mwilini. Mti ulioangukia mwenzake ukaning'inia: uache, zungushia alama watu wasipite chini yake, urudi na mtu. Miti iliyolazwa na upepo, shina likiwa limepinda kama upinde, kwa kuwa ukikata upande usiofaa hufyatuka. Mti ulioinama sana, ambao hupasuka shina lote kwenda juu kabla hujamaliza kukata. Na kukata ukiwa juu ya ngazi, hilo hata mkiwa kumi msilifanye.

Mkanda uko hapa mezani. Anzeni na mkono wa kushoto, maswali nitayajibu mkiendelea.